Madafu ya Rehani

Watu wa Milalani walilipa lile gari jina la Mkwe, na jina lenyewe halikukosea. Kila lilipofika nyumbani lilikuja na haja, na haja ya mkwe haipigiwi kelele. Unatabasamu, unaingia ndani, unatafuta cha kutoa.

Lilikuwa vani la kizamani la kubebea mizigo, kioo cha mbele vipande viwili, mbavu zimebonyea, milango ya nyuma inafungwa kwa kamba ya katani. Stata ilikufa zamani, kwa hiyo liliwashwa kwa hendeli, na hendeli ile ilitaka mtu aliyekula akashiba, maana ikirudi nyuma huvunja mkono. Gia ya tatu ilikuwa na tabia ya kutoroka, na Mwero aliizuia kwa goti tangu daraja la Ramisi mpaka Likoni. Breki zilikamata zilipojisikia. Sakafu ya nyuma ilikuwa imeliwa na maji ya samaki hata ukichungulia unaiona barabara inapita chini yako, na springi moja ilikuwa imefungwa kwa mpira wa tairi kama mtu aliyeteguka mguu.

Mwero Mbwana alilipata mwaka wa uhuru. Alikuwa dereva wa Mzungu mmoja wa shamba la mkonge, na Mzungu yule alipoona bendera imebadilika akafungasha kurudi kwao. Mwero alitazamia kiinua mgongo. Badala yake akapewa ufunguo. "Hii gari mzuri, Mwero," Mzungu alimwambia kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Wewe chunga yeye, yeye chunga wewe." Akampa mkono, akaenda zake melini. Huwezi kusema alimdanganya, kwa sababu maradhi yote ya gari lile Mwero aliyajua kuliko mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akilisukuma. Lakini binadamu tuna wazimu wetu. Gari la mtu mwingine likikohoa, tunaona ni bovu. Likiwa letu, tunaona lina mafua tu, litapoa.

Akawa mchukuzi wa samaki, kutoka Shimoni kupeleka Likoni. Kazi ilikuwapo, na samaki walikuwapo. Kilichokosekana ni gari lenye kufika bila kuzimika njiani. Fundi wake alikuwa Baya, Mgiriama aliyehamia Ukunda, mtu mcheshi, mwenye mikono myeusi kwa grisi na tumbo lisilokataa chakula cha mtu. Kila akifungua boneti alisema, "Hii ni ndogo tu, mzee Mwero." Na kila ile ndogo ilizaa ndogo nyingine. Ukibadilisha klachi, giaboksi inaona wivu. Ukitia tairi mpya, tyubu ya upande wa pili inapasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanyeje ikiwa nyumba nzima ni nyufa.

Na gharama zote zile zililipwa na minazi.

Kwa Wadigo ardhi ni jambo moja na mnazi ni jambo jingine. Mtu huweza kuwa na minazi juu ya ardhi ya mwenzake, akaiuza, akairithisha, akaiweka rehani. Ukiiweka rehani, unachukua pesa, na mwenye pesa anakula nazi mpaka siku utakapomrudishia zake. Minazi ya Milalani iliachwa na marehemu mama yao, nayo ilikuwa mali ya fuko, yaani ya ukoo wa upande wa mama. Mwero, kwa kuwa ndiye mwanamume mkubwa, aliishika. Aliishika, si kwamba alikuwa nayo. Wenye minazi ile walikuwa dada yake Mwanapili na watoto wake wawili, kwani mjomba ni mlango tu, mali ni ya wapwa.

Mwanapili aliachika akarudi kwao, na tangu arudi hakuwa na shamba jingine wala mume mwingine ila ile minazi. Alikuna, akapika mafuta, akasuka makuti, akauza mbata. Watoto walivaa mnazi na kula mnazi. Kwa hiyo giaboksi ilipokufa, Mwero alikwenda kwake kwanza, akakaa kwenye kinu kilicholala, akamweleza. Mwanapili alisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, likipona utaikomboa?"

"Nitaikomboa."

Basi giaboksi ikala minazi ya upande wa kisimani. Tairi zikala safu ya njiani. Mwaka uliofuata vikafuata kabureta, betri na springi, na kila mara Mwanapili aliuliza swali lile lile, na kila mara alijibiwa jibu lile lile, hata ikafika mahali ambapo minazi yote ilikuwa mikononi mwa Bwana Abdurahman, mwenye duka Msambweni, isipokuwa mitatu iliyozaa kwa shida nyuma ya choo.

Abdurahman hakuwa mtu mbaya, na hili ndilo lililokuwa likimuudhi Mwero. Laiti angekuwa mbaya angemchukia akapumua. Alikuwa mpole, mwenye kanzu safi na maneno ya taratibu, na masharti yake aliyatamka mbele ya mashahidi barazani kwake, kila mtu akasikia. "Nazi ni zangu, kuti ni langu, dafu ni langu, mpaka unikomboe. Ukinikomboa kabla ya sikukuu ya Iddi, minazi yako, na Mungu akubariki. Iddi ikipita, imekuwa mauzo. Na ukiangua hata dafu moja bila ya idhini yangu, Bwana Mwero, hatungoji Iddi. Imekuwa mauzo siku ile ile."

"Nimekubali," Mwero alisema. Nani aangue dafu la rehani? Hilo halifanywi hata na watoto.

Sasa ikaja habari ya rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini. Siku moja, gari limechemka Shimoni, Mwero kwa haraka zake alichota maji ya bahari akatia. Lilikwenda. Lakini baada ya muda mfupi rejeta ikaanza kutokwa jasho, kisha machozi, kisha ikavuja waziwazi. Baya aliichomelea hapa ikatoboka pale.

"Chumvi, mzee wangu! Chumvi imeitafuna," Baya alifoka. "Rejeta hii inataka kutupwa, uende Mombasa ukatafute nyingine."

"Kwa minazi ipi, Baya?"

Baya akafuta mikono, akafunga boneti. "Basi nenda nayo hivyo hivyo, uwe unajaza. Ila sikiliza. Maji ya bahari usitie. Maji ya visima vya pwani wakati huu wa kaskazi usitie, yana chumvi. Tia yasiyo na chumvi. Umenisikia? Yasiyo na chumvi."

Mwero alisikia. Ole wake, alisikia vizuri mno.

Mwaka ule vuli ilipita bila mvua ya maana, na mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, na nyuma yake Iddi. Hapo ndipo hoteli moja ya Diani ilipopata wageni wengi wa Krismasi. Msimamizi wa jiko alimwita Mwero, akamwonyesha kidole kwenye saa yake. "Jumamosi, kabla ya adhuhuri. Nguru na kamba. Ukifika, kazi ya samaki wetu ni yako mwaka mzima na utalipwa kila mwisho wa mwezi, malipo ya kwanza nakupa mbele. Usipofika, yuko mtu wa Likoni mwenye gari jipya."

Mwero alipiga hesabu kichwani njia nzima. Pesa hizo za mbele, akiongeza za Likoni, zilitosha kukomboa minazi kabla ya Iddi. Alipofika alimweleza dada yake, na kwa mara ya kwanza Mwanapili hakuuliza kitu. Alicheka, akaziba mdomo kwa pembe ya kanga. Jioni ile ile alikwenda na debe mpaka kisima cha bara, mwendo wa kuchosha, akamletea maji ya gari.

Jumamosi Mwero alipakia Shimoni jua lilipochomoza. Nguru walikuwa wanene, kamba wanarukaruka, barafu imefunikwa unga wa mbao na magunia. Hendeli ilikubali mara ya kwanza. Alisema bismillahi, akaondoka, na mpaka Ramisi aliimba. Darajani akajaza rejeta. Kabla ya Msambweni akajaza tena, debe likaisha, na alipokaribia Milalani mvuke ulikuwa umeshapanda mbele ya kioo, haoni njia. Akakunja kuingia nyumbani, akazima chini ya minazi.

Mwanapili alitoka mbio na unga mikononi. "Kulikoni, kaka?"

"Maji. Maji yamekwisha."

Walitazamana. Kisima cha hapo wakati wa kaskazi kilikuwa kimekolea chumvi hata ng'ombe wakikunywa hukunja uso. Kisima cha bara kilikuwa mbali; kwenda na kurudi, adhuhuri ingeshapita. Nyuma ya gari barafu ilikuwa inadondoka kupitia zile tundu za sakafu, tone baada ya tone, ikinywewa na mchanga.

Mwero akainua uso kumwomba Mungu, na alichokiona ni madafu.

Yalining'inia kichala juu ya kichala, yamejaa, huku ile mitatu ya nyuma ya choo ikiwa mitupu. Akasimama akiyatazama, na jambo lilikuwa wazi mno hata akashangaa kwamba hakuna aliyeliwaza kabla. Mtoto akiharisha anapewa nini? Dafu. Mgonjwa asiyepitisha kitu anapewa nini? Dafu. Ni maji yaliyochujwa na mnazi wenyewe mpaka juu mbinguni, hayana mchanga, hayana vijidudu, na chumvi hayana. Baya mwenyewe alisema, yasiyo na chumvi.

"Niletee panga," alisema, akianza kuvua viatu.

Mwanapili alifuata macho yake, akaelewa. "Kaka, hayo yana mwenyewe."

"Najua."

"Bwana Abdurahman alisema—"

"Najua alivyosema! Nilikuwapo!" Kisha akashusha sauti, kwa kuwa hakuwa na ugomvi naye. "Mwanapili, nikifika Diani, namlipa madafu yake na namlipa minazi yake yote, wiki hii hii. Nisipofika, Iddi itatukuta na hatuna kitu. Niangue, minazi imepotea labda. Nisiangue, imepotea hakika. Wewe ndiye mwenye mali. Sema."

Ndivyo alivyomtwika mzigo ule. Labda hakukusudia, lakini alimtwika. Mwanapili aliyatazama madafu, akalitazama gari linalotokota, akawatazama watoto wake waliokuwa wamekaa kizingitini wakingoja uji. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na panga.

"Panda," alisema.

Mwero alikuwa mtu wa makamo, na mnazi haukumjua tangu ujanani, lakini alipanda. Aliangua mpaka chini pakajaa. Chini Mwanapili aliyakata vichwa, moja baada ya moja, akiyamimina kwenye debe kupitia kitambaa, kwa usafi kama anayemwandalia mgeni.

"Kweli gari linakunywa dafu?" aliuliza.

"Hili linakunywa kila kitu."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wenye hofu. Rejeta ikajazwa, debe likajazwa, na madafu mengine yakarundikwa kiti cha mbele. Hendeli, mara mbili, mara tatu, na Mkwe akaitikia. Mwanapili alisimama katikati ya makapi ya madafu akimpungia mkono, na Mwero akaondoka na furaha ambayo hajawahi kuionja tangu siku alipopewa ule ufunguo. Ilikuwa furaha ya kijinga, lakini ilikuwa furaha. Mshale wa joto ulishuka. Gari likawa linakwenda vizuri kuliko siku zote, na upepo ulioingia dirishani ulinukia kashata.

Gazi akasimama, akajaza. Mbele kidogo akajaza tena, na mara hii aliona povu la kahawia kwenye mdomo wa rejeta, linanata vidoleni. Akalifuta kwa suruali. Halikuwa jambo la kushughulikia, jua lilikuwa bado halijafika utosini. Rejeta ile ilivuja, ikachemka, ikavukiza, na kila alipoongeza madafu mapya, yale ya zamani yaliacha nyuma sukari yake, ikapikika polepole mle ndani ya mabomba membamba. Mpishi yeyote wa kashata angemwambia. Mwanapili angemwambia pia, laiti angekuwa na nafasi ya kuwaza badala ya kukata.

Karibu na Mwabungo mshale ulipanda wote kwa mpigo. Mwero aliuona. Akajiambia, kilima hiki tu, nikishuka litapoa. Sikio la kufa halisikii dawa. Pakalia sauti ya chuma kukwaruza chuma, gari likatikisika, kisha likagota, na magurudumu ya nyuma yakaburuza changarawe mpaka yakasimama yenyewe.

Alishuka, akatia hendeli, akaiegemea kwa uzito wake wote. Haikusogea hata unywele.

Alijua. Dereva wa miaka mingi haulizi. Hata hivyo alijaribu tena, akajaribu tena, kama mtu anayemwita maiti kwa jina. Alipochoka alikaa kwenye ngazi ya mlango. Jua likafika utosini, likapita. Barafu ikaisha. Wanawake wa Mwabungo walikuja kutazama, na Mwero akawaambia wachukue samaki, wachukue wote, kabla hawajaharibika. Wakampa pole nyingi. Wakabeba nguru wa Krismasi kwa ungo na kwa beseni, na mmoja wao, mama mtu mzima, alirudi na bakuli la wali akamwekea pembeni. Hakuligusa.

Baya alikuja alasiri kwa baiskeli. Akafungua kifuniko cha rejeta, akachokonoa kwa bisibisi, ikatoka na gundi nyeusi. Akainusa. Akaigusa kwa ncha ya ulimi.

"Umetia nini humu?"

"Madafu."

Mwero alingoja acheke. Baya alipenda kuwacheka watu, na siku nyingine hadithi hii ingemtosha mwaka mzima. Lakini Baya alikaa chini mchangani, bisibisi mkononi.

"Ulisema yasiyo na chumvi," Mwero alisema.

"Nilisema maji, mzee Mwero."

"Ni ndogo?"

Baya akatikisa kichwa. "Hii si ndogo. Pistoni zimeshikana, kichwa cha injini kimepinda. Hapa panatakiwa injini nyingine, na rejeta nyingine, na mimi sitaki kukudanganya tena." Kisha akaondoka bila kudai chochote, na hapo ndipo Mwero alipojua kwamba mambo yamekwisha kabisa.

Lori la miwa lililivuta Mkwe kwa mnyororo mpaka Milalani, likaliacha pale pale lilipokunywa madafu. Abdurahman alikuwa ameshafika, kwani mpita njia alimpelekea habari dukani. Alikuwa amesimama na kanzu yake safi katikati ya makapi, akiyasogeza kwa ncha ya fimbo. Aliwaamkia kwa heshima, akauliza hali za watoto, kisha akauliza.

"Nani ameangua?"

Mwero alikuwa ameshaandaa neno lake tangu Mwabungo. Wezi. Wezi wapo, nani asiyejua? Iddi bado, na mfa maji haachi kutapatapa. Alifungua mdomo, lakini Mwanapili alitangulia.

"Yeye alipanda, mimi nikakata. Usitafute mwizi, Bwana Abdurahman. Hapa hapana mwizi. Wapo wajinga wawili."

Abdurahman aliacha kuyasogeza makapi. Ilionekana kwamba naye hakupenda kulisikia. "Sikulitaka hili," alisema. "Lakini maneno tuliyasema mbele ya watu. Nikiyalegeza kwako, kesho nani ataniheshimia rehani?" Akamgeukia Mwanapili. "Kazi ya kufua nazi ipo, ukitaka. Nitakulipa kama ninavyowalipa wengine."

Mwanapili aliinamisha kichwa. "Nataka," alisema.

Tangu siku ile anafua nazi za minazi ya mama yake kwa ujira. Huchomeka kifuo, kile kijiti chenye ncha cha kumenyea nazi, pale pale ulipokuwa uwanja wa jikoni kwake, hufua tangu asubuhi, na jioni mtu wa Abdurahman huja kuchukua. Hamlaumu kaka yake, na afadhali angemlaumu. Mkwe yuko juu ya mawe, magurudumu yameshauzwa, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na upepo ukivuma nazi kavu huanguka juu ya bati lake kwa kishindo kinachomshtua Mwero hata akiwa katika sala.

Asubuhi moja baada ya Iddi ilianguka moja, ikabingirika kutoka kwenye bati mpaka miguuni pake. Mwero aliinama akaiokota, akaitikisa sikioni kusikia maji yake, kama alivyofanya tangu utoto, akaanza kwenda nayo jikoni.

"Irudishe, kaka," Mwanapili alisema kutoka kwenye kifuo, bila ya kuinua macho. "Hiyo ina mwenyewe."